Kilichomzuia mtoto si miguu yake, ni kizingiti chetu

WAHENGA walinena mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka jana, mwezi wa Aprili 2025, mambo yalinigeukia. Mimi mgeni ndiye niliyeponywa ujinga, na aliyeniponya ni mwenyeji wa miaka tisa ambaye hajawahi kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda Myanga, huko Bumula katika kaunti ya Bungoma, kumjulia hali shangazi yangu aliyeolewa pande hizo. Mvua ya masika ilikuwa imeanza kwa kishindo na vijia vyote vilikuwa vimegeuka uji. Shangazi akaniambia twende tukamsalimu jirani, mama mzee ambaye kijiji kizima humwita kukhu, yaani nyanya. Tulimkuta barazani akichambua maharagwe. Kando yake, juu ya gunia lililokunjwa, alikuwa amelala mjukuu wake.

Mikono ya kijana huyo ilikuwa imejikunja kifuani, shingo ikiyumba, mate yakimchuruzika pembeni mwa mdomo. Msomaji wangu, sitakuficha. Nilifanya lile ambalo wengi wetu hulifanya. Nilimruka yeye, nikamuuliza nyanya yake: "Kukhu, huyu naye huelewa watu wakizungumza?"

Kabla kukhu hajafungua kinywa, nilisikia sauti kutoka pale kwenye gunia, ikija kwa taabu, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Na... wewe... je?"

Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Kukhu akacheka. Mtoto mwenyewe alicheka kuliko wote, mwili mzima ukimtetemeka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hali yenyewe ni ipi?

Hali aliyo nayo kijana huyu huitwa mtindio wa ubongo. Madaktari huiita serebro polsi. Haiambukizi, na wala si laana. Ni matokeo ya ubongo kujeruhiwa wakati ungali unakua: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Huenda alikosa hewa mama alipokawia kujifungua. Huenda alipata manjano kali siku za kwanza na haikutibiwa mapema. Huenda aliugua homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani.

Jeraha lenyewe haliongezeki. Lakini sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli huwa haifanyi kazi sawasawa, na viungo hukakamaa au hujiendea vipendavyo. Baadhi ya watoto hawa huwa na kifafa. Baadhi hupata shida ya kusema, kusikia au kujifunza. Na baadhi, kama huyu wa Myanga, wana akili timamu kabisa, ila zinakaa ndani ya mwili usiotii.

Tena si wachache. Ng'ambo ya mpaka wa Malaba, katika wilaya za Iganga na Mayuge mashariki mwa Uganda, watafiti walichunguza watoto zaidi ya 31,000. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2017: karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Kwa robo hivi ya watoto hao, jeraha lilitokea baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, kwa maradhi kama malaria. Miongoni mwa watoto wakubwa, wale wenye hali nzito walikuwa wachache kuliko miongoni mwa wadogo, dalili kwamba wengi hawafiki utu uzima.

Hebu piga hesabu. Tukichukua kiwango hicho, eneo lenye watoto 5,000 lingekuwa na karibu 15 kama huyu. Wako wapi? Mara ya mwisho ulimwona mmoja wao lini sokoni, kanisani, msikitini au arusini?

Safari ya kutoka kitandani

Nilikaa Myanga siku nne. Siku ya pili nilimwomba kukhu anionyeshe njia ambayo mjukuu wake alikuwa akipitia kwenda shuleni. Shule yenyewe haiko mbali; kengele yake husikika pale barazani. Mimi nilibeba daftari. Kukhu alimbeba mjukuu mgongoni.

Kwanza ni mlango wa nyumba. Una kizingiti cha simiti kilichoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie ndani. Kukhu alikivuka kwa mguu mmoja, akashika mwimo, akavuta pumzi, kisha akavusha wa pili.

Pili ni choo. Ni cha shimo, mlango wake mwembamba, na ndani hamna pa kushika. Kijana hawezi kuchutama. Kukhu humshikilia chini ya makwapa hadi amalize. "Naogopa siku nitakayoteleza naye humu," aliniambia kwa sauti ya chini.

Tatu ni njia. Ina matope ya kunata, na katikati kuna mtaro unaovukwa kwa magogo mawili. Nne ni lango la shule, ambalo lina ubao uliolazwa chini kuzuia ng'ombe. Tano ni darasa, lenye ngazi tatu. Sita ni dawati. Benchi lake halina egemeo, na mtoto asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake hulianguka kama gunia lisilo na mahindi.

Kijana alisoma katika hali hiyo hadi gredi ya pili. Alijifunza kusoma, na hadi leo husomea wenzake mabango ya matangazo wanapombeba kwenda dukani. Lakini kila mwaka mwili wake ulizidi kuwa mzito. "Yeye anakua kwenda juu, mimi nakua kwenda chini," kukhu alisema. Siku moja mwaka wa 2024, magogo yakiwa yamelowa, bibi na mjukuu walianguka wote wawili mtaroni. Tangu siku hiyo, kwa kijana huyu shule ikawa ni kengele tu.

Msomaji, tulia hapo kidogo. Miguu ya mtoto huyu ilikuwa ile ile alipokuwa gredi ya kwanza na alipoacha gredi ya pili. Ubongo wake ulikuwa ule ule. Hakuugua. Kilichobadilika ni kilo chache na mgongo wa mwanamke mzee. Masomo yake yote, urafiki wake wote na jua lake lote vilikuwa vimetundikwa kwenye mgongo huo. Je, huo ni ulemavu wa mtoto, au ni ulemavu wa magogo mawili?

Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha utaratibu mpya wa kupima ulemavu. Tangu hapo wataalamu hawatakiwi kuangalia mwili peke yake. Wanatakiwa pia kuhesabu majengo, vifaa, huduma, sheria na mitazamo ya watu wanaomzunguka mhusika, kwa sababu hayo ndiyo huamua kama atashiriki maisha na wenzake au atabaki barazani. Kukhu hajausoma utaratibu huo. Ameubeba mgongoni.

Kiti kilichotagiwa mayai

Huenda unauliza, kwani hana kiti cha magurudumu? Anacho. Aliletewa na wahisani. Ni kizuri, kinang'aa, na magurudumu yake ya mbele ni madogo kama ya toroli la dukani. Kwenye sakafu ya hospitali kingeteleza kama mashua. Kwenye udongo wa Myanga kilizama hatua ya tano. Mimi nilikikuta nyuma ya mlango, kuku ameketi juu yake akiatamia mayai.

Mahali penye njia mbovu, kinachofaa zaidi ni kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa kubwa na limewekwa mbali ili kisipinduke wala kisizame. Hapa Kenya tunao watu wanaotengeneza viti vya kutufaa: Chama cha Walemavu wa Viungo, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kina karakana Bombolulu, Mombasa. Anayetaka kutoa msaada aulize kwanza mtoto anaishi wapi na njia yake ikoje. Msaada usiouliza huishia kuwa kiota.

Ghorofa ya pili, Kitale

Mama ya kijana yuko Kitale, anauza mitumba. Kwa nini hakai na mwanawe? Nilimpitia nikiwa safarini kurudi Nairobi, akanionyesha bila kunieleza sana. Amepanga chumba ghorofa ya pili. Ngazi ni nyembamba, na bomba na choo viko chini uani. Alijaribu kukaa naye miezi mitano. Asubuhi alimlisha, akamfungia ndani, akaenda sokoni moyo ukimdunda. Mchana alirudi mbio kumgeuza. Majirani walianza kunong'ona kwamba anamtesa mtoto.

Akaamua kumrudisha Myanga. Kituoni, utingo wa matatu ya kwanza alimtazama mtoto, akatazama kiti, akapiga bodi ya gari makofi mawili likaondoka. Wa pili alidai nauli ya watu wawili na pesa za mzigo juu. Alilipa. Sasa huenda kumwona mwisho wa mwezi, akipata nauli. "Watu wanafikiri nilimtupa," alisema huku akikunja suruali za kuuza. "Ni ile ngazi iliyotutenganisha."

Ndugu yangu wa jijini, usidhani haya ni ya Myanga na Kitale tu. Nenda Pipeline, kule Embakasi, uhesabu majumba ya ghorofa sita na saba yasiyo na lifti. Fikiria mzazi wa ghorofa ya tano mwenye mtoto wa miaka tisa asiyetembea. Watoto wengine wanacheza mpira chini. Huyu husikia kelele zao kupitia dirishani. Waweza kuishi karibu na familia kama hiyo miaka mitatu usijue ina mtoto wa pili.

Sheria tunazo

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliagiza majengo ya umma na magari ya abiria yarekebishwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa kila mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa na kutumia usafiri wa umma. Mei 2025, mwezi mmoja tu baada ya ziara yangu, Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi hatuna uhaba nazo.

Lakini sheria haikatizi mtaro. Na kuna kizuizi kingine ambacho hata simiti haikifikii, nacho ni vinywa vyetu. Huko Kilifi, Pwani, watafiti akiwemo Joseph Gona walizungumza na jamii kuhusu chanzo cha ulemavu wa watoto. Pamoja na maelezo ya kitabibu walikuta uchawi, mapepo, kosa la mama na mapenzi ya Mungu. Myanga nako sikukosa kusikia. Mzee mmoja alinivuta kando akaniambia nisimshike mtoto yule sana kwa kuwa sijui "kilichomleta". Tukishaamini hivyo, ni nani atakayejisumbua kumpanulia mlango?

Swali la kijana

Jioni yangu ya mwisho, binamu zake watatu walikuwa wameketi naye wakizungumza habari za Agosti. Kwa Babukusu, msomaji, wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili: 2022, 2024, na sasa 2026. Kabla ya siku yenyewe, mvulana huchukua kengele ziitwazo chinyimba, akazunguka akizipiga na kuimba, kwenda kuwaalika wajomba na jamaa. Alfajiri ya siku hiyo hupelekwa mtoni kupakwa matope, kisha hurudi nyumbani mbele ya umati. Huko ndiko anakopata rika lake, na rika ni la maisha.

Binamu walikuwa wakibishana nani atapiga kengele kwa nguvu zaidi. Kijana alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa yale maneno yake ya kukanyaga mawe: "Mimi... nitafikaje... kwa mjomba?"

Walinyamaza wote. Kukhu aliinamia maharagwe yake. Mambo ya kutahiriwa kwenyewe ni ya wazazi na daktari wake, na mimi si mtu wa kuyasemea. Lakini swali la mtoto halikuhusu kisu. Aliuliza kama wenzake wakiondoka, yeye atakuwa miongoni mwao au atabaki barazani milele.

Aliyevunja kimya ni binamu mdogo kuliko wote. "Tutakusukuma kwa wilibaro," alisema, kama mtu anayeshangaa kwamba jambo dogo hivyo linahitaji kufikiriwa. Watu wazima wanne tulikuwa tumeketi hapo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Yanayowezekana kwa jembe

Nilirudi Myanga Desemba 2025 kwa Krismasi. Nilimkuta kuku amefukuzwa kitini.

Fundi wa baiskeli sokoni aliondoa yale magurudumu madogo ya mbele, akachomelea chuma kirefu chenye gurudumu moja kubwa. Si kazi ya karakana, lakini hakizami. Binamu na rafiki zao walijaza kizingiti udongo na kokoto wakashindilia. Kipimo walikipata kwa mwalimu: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Chooni, seremala alichukua kiti kikuukuu, akakitoboa tundu, akakiweka juu ya shimo, na ukutani akapigilia mti wa kushika. Magogo ya mtaroni sasa ni sita badala ya mawili, yamefungwa pamoja na kumwagiwa changarawe.

Na shule? Mwalimu mkuu hakujenga chochote. Alibadilishana madarasa mawili, la kijana likahamia chumba kisicho na ngazi. Haikugharimu hata shilingi. Kijana amerejea, yuko gredi ya tatu, mkubwa kuliko wenzake kwa mwaka mmoja hivi. Kiti chake cha darasani ni cha maboksi na magazeti yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa uji wa unga hadi yakawa magumu kama ubao, ufundi ulioanzia Zimbabwe na ambao wengi huutumia kutengenezea watoto kama hawa viti vya kuwashika kiwiliwili. Basi ukimaliza kusoma ukurasa huu, usiufungie nyama. Huenda ukamkalisha mtoto.

Sitaki nikudanganye kwamba yote yamekwisha. Choo cha shule bado hakimfai, hivyo hanywi maji asubuhi hadi arudi nyumbani, jambo lisilo zuri kwa afya yake. Matatu ni zile zile. Mama bado yuko Kitale, bado anatafuta chumba cha chini anachoweza kukilipia. Na kukhu bado anazeeka.

Kwa wazazi wenye mtoto wa hali hii: msingojee. Kila kaunti ina kituo cha elimu cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, utaratibu ulioanza mwaka wa 1984, na hapo utaelekezwa kuhusu shule. Mwandikishe mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Fanya hivyo angali mwepesi kubebeka, si baada ya mgongo kukataa.

Kwa sisi wengine, wanafunzi mkiwemo, nina ombi moja la Jumapili hii. Mkirudi kutoka kanisani au matembezini, simameni mlangoni mwenu. Pimeni kizingiti. Pimeni upana wa mlango. Kiti cha magurudumu chataka angalau sentimita 80. Hesabuni ngazi za darasa lenu, za ukumbi wenu, za nyumba yenu ya ibada. Kisha jiulizeni ni nani ambaye hajawahi kuwatembelea, na kwa nini.

Nilipokuwa nikiaga Myanga, nilimwambia kijana kwamba nasikia Agosti atakwenda kwa mjomba na kengele. Safari hii nilimwambia yeye mwenyewe, nikimtazama usoni. Alitikisa kichwa, akakusanya pumzi, akaniuliza lile swali lake la zamani:

"Na... wewe... je?"

Nimemwahidi nitakuja kusukuma.